Uzi Unaoifaa Obokano

Mpigaji wa obokano husifiwa kwa vitu vitatu: vidole, koo na maneno. Watu wakitoka harusini Keroka au kwenye matanga huko Nyansiongo, utawasikia wakisimulia jinsi alivyowataja babu za bwana harusi mmoja mmoja, au jinsi mkono wake wa kushoto ulivyokataa kutulia. Sifa hizo ni za haki. Lakini kuna kazi iliyotangulia, iliyofanyika wiki kadhaa nyuma bila mtazamaji, mzee akiwa ameketi uani na ncha ya uzi imebanwa kwenye meno, na kazi hiyo haina wa kuisifu. Ni kazi ya kuchagua nyuzi. Mimi naistahi kuliko vidole, na ningependa kuieleza bila haraka, maana asiyeijua hudhani uzi ni uzi tu.

Obokano ni kinubi cha Abagusii wa Kisii na Nyamira. Ni bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili inayopanda kutoka humo, na mti mmoja unaoiunganisha mikono hiyo juu. Kutoka mti wa juu zinashuka nyuzi nane, zinapita kwenye daraja dogo lililokaa juu ya ngozi, kisha zinafungwa chini. Jamaa zake wametuzunguka pande zote: nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane, iritungu ya Wakuria, litungu ya Wabukusu yenye nyuzi saba, na kaskazini huko Ethiopia krar na begena. Ukoo wenyewe ni wa kale. Vinubi alivyofukua Leonard Woolley kule Ur, kusini mwa Iraki, katika miaka ya 1920, vina umri wa miaka 4,500 hivi. Ila wa Gusii alikua kuliko ndugu zake wa Kenya. Ni mkubwa na sauti yake ni nzito, hata wageni walioiandika vitabuni wakailinganisha na lile besi kubwa la Kizungu ambalo mpigaji hulipiga akiwa amesimama.

Sasa tazama kinachoweza kubadilishwa katika ala hii na kisichoweza. Bakuli likishachongwa limechongwa. Ngozi ikishawambwa mbichi na kukauka, imeshika umbo lake. Umbali kati ya mti wa juu na daraja ndio urefu wa uzi, na urefu huo fundi aliuamua siku aliyoingiza mikono kwenye bakuli. Gitaa lina shingo, na kidole kinaweza kuufupisha uzi popote mpigaji apendapo. Obokano haina shingo. Kila uzi una sauti yake moja, na nyuzi nane zinatoa sauti nane, basi. Juu, pale uzi unapofungwa, kuna pete ya kitambaa iliyozungushwa kwenye mti; mpigaji akiizungusha kwa kiganja, uzi unakaza au unalegea. Wengi wakiiona pete hiyo hudhani ndiyo siri ya ala. Pete ni ya kusahihisha kasoro ndogo. Uzi usiofaa hauokolewi na pete.

Sababu yake ilielezwa na mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, mwaka 1636, ingawa wazee wa milima ya Manga waliijua bila kumsoma. Uzi ukifupishwa nusu, sauti inapanda oktava nzima. Ukikazwa, sauti inapanda pia, lakini kwa ubahili mkubwa: ili kuipata oktava ile ile kwa kukaza peke yake, lazima mkazo uzidishwe mara nne. Na uzi wa aina ile ile ukiwa na unene mara mbili, sauti inashuka oktava moja. Kwa hiyo mwenye uzi anashika mambo matatu: urefu, mkazo na unene. Urefu ameshanyang'anywa na fundi. Mkazo una mpaka wake, kwa kuwa nyuzi nane zikivutwa kila mmoja kwa nguvu ya kilo tano, mti wa juu umebeba kilo 40 usiku kucha, na daraja linaisukuma ngozi ndani muda wote huo. Kinachobaki mikononi mwa mpigaji ni unene wa uzi na namna ulivyotengenezwa.

Kazi ya aina hii ina ndugu wa mbali sana ambaye simpendi, ila nakiri anaieleza vizuri. Kuna rivolva ya Kimarekani, Colt ya mwaka 1873, ile ya sinema za wachunga ng'ombe, ambayo kila risasi inadai nyundo ivutwe kwanza kwa kidole gumba. Alama zake za kulengea hazina skrubu. Ya nyuma ni mfereji uliochongwa juu ya mwili wa bunduki yenyewe, ya mbele ni ulimi wa chuma. Mwenye nayo akiona inapiga chini ya pale anapolenga, njia ni mbili: ausage ule ulimi wa mbele kwa tupa, au abadilishe risasi. Tupa ikishakula chuma haikirudishi. Ndiyo maana wajuzi huanza na risasi. Wanajijazia wenyewe nyumbani, wanabadilisha uzito wa kichwa cha risasi na kipimo cha baruti, wanapiga tano, wanaangalia karatasi, wanaandika daftarini, wanarudi mezani. Na humo mna jambo linalomshangaza kila mgeni: risasi nzito ya mwendo wa polepole hupiga juu, na nyepesi ya kasi hupiga chini. Sababu ni kwamba mdomo wa bastola unaanza kuinuka kwa teke la baruti risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Nzito inachelewa kutoka, kwa hiyo inatoka mdomo ukiwa umeinuka zaidi. Hapa Kenya kujitengenezea risasi bila kibali ni kosa, na sioni haja ya sheria hiyo kulegezwa. Gusii ilionja bunduki za kutosha katika misafara ya kijeshi ya Waingereza ya 1905 na 1908. Lakini ile akili ya kukubali kwamba chombo hakibadiliki, ukakitafutia kinachokifaa hadi kipige pale kinapotazama, ndiyo akili ya mzee wa obokano.

Zamani alikuwa na uhuru mkubwa kuliko alionao mjukuu wake. Nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Kano hukaushwa, hugongwagongwa hadi iachane kuwa nyuzinyuzi, kisha nyuzinyuzi hizo hulainishwa kwa maji au mate na kusokotwa kwenye paja. Fikiria maana yake. Unene wa uzi haukuamuliwa na mtu mwingine. Akitaka uzi mzito zaidi, anaongeza nyuzinyuzi mbili tatu kwenye msokoto. Akiona umezidi, anapunguza. Pale kano inapoishia, anaingiza nyingine taratibu ili fundo lisionekane, kwa kuwa mahali penye uvimbe uzi hauimbi, unakwaruza. Anasokota kwa nguvu kiasi gani? Nalo ni swali la sikio, si la nguvu za mkono. Msokoto uliobana sana hufanya uzi uwe mgumu na mkavu. Uliolegea hufanya ule uzi uendelee kurefuka kila ukikazwa, usitulie. Kati ya hapo na hapo kuna mahali pembamba ambapo uzi unakubali kukazwa na bado unabaki mlaini chini ya kidole. Mahali hapo hapana namba. Mpigaji anapafahamu kwa kuukunja uzi kwenye vidole viwili na kuona unavyorudi.

Siku hizi nyuzi ni za nailoni, ile ya kuvulia samaki. Ni jambo la kawaida sasa kwa vinubi vingi vya huku magharibi mwa Kenya, na sitawalaumu watu. Kano inaogopa unyevu na panya, inataka ng'ombe achinjwe, na inamtaka mtu mwenye subira ya siku nyingi. Nailoni inanunuliwa kwa mita. Lakini pamoja na urahisi huo kiwanda kimekuamulia unene, na hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipogeuka kuwa ngumu kwa njia nyingine. Uzi wa milimita moja na ule wa milimita 1.2, ukizishika mkononi, ni kama mapacha. Ukizifunga kwa mkazo ule ule, wa pili unashusha mitetemo kwa sehemu moja kati ya sita, na hiyo katika wimbo ni safari ndefu. Ukitaka ule mnene utoe sauti sawa na mwembamba, itakubidi uuongezee mkazo asilimia 44. Jambo hilo hulisikii dukani. Utalisikia mwezi wa pili, mti wa juu unapoanza kupinda.

Kwa hesabu tupu, sauti ya juu kabisa na ya chini kabisa zikiwa zimeachana oktava moja, na ukitaka vidole vikute mkazo sawa kote, uzi wa chini unapaswa kuwa na unene mara mbili ya wa juu. Kama wa juu ni milimita 0.7, wa chini ni 1.4. Hapo nailoni inaanza kuonyesha tabia yake mbaya. Uzi mnene wa nailoni ni mgumu, unakaribia kuwa kijiti. Ukiupiga unatoa mshindo mfupi, kisha kimya. Mpigaji asiye na subira huuvumilia, kwa kuwa besi ni besi. Mwenye subira huchukua nyuzi mbili nyembamba akazisokota pamoja. Mbili za milimita 0.8 zikisokotwa zina uzito wa mmoja wa milimita 1.13, unene ambao huenda duka lolote kati ya Kisii na Homa Bay halina, na juu ya hapo zinapindika kwa urahisi kuliko uzi mmoja wa uzito huo, kwa hiyo zinaimba muda mrefu zaidi. Mtu huyo amerudi pale pale kwa babu yake na paja lake, ila kwa malighafi ya dukani. Kila nikiona uzi wa chini wa obokano umesokotwa, najua kwamba mwenye nayo si mnunuzi tu.

Mpigaji mzuri haanzi na nyuzi zote nane. Anafunga mmoja, ule wa katikati anaouamini, anaukaza hadi sauti yake ikae, kisha anaacha kuupiga na kuanza kuimba. Hapa ndipo wanafunzi wengi hushangaa. Anaimba bila kugusa ala, kwa sauti anayoitumia saa ya tatu ya usiku, wakati koo limeshapata moto na watu wameshakaa. Kisha anaupiga uzi tena. Kama umemkuta, anaendelea. Kama haukumkuta, anaufungua wote, anautupa pembeni, anachukua mwingine.

"Tata, si ungekaza kidogo tu?" kijana atauliza.

"Nikaze hadi lini, momura? Koo langu halina pete."

Jibu hilo, kwangu, ndilo shule nzima. Mpigaji wa obokano ndiye mwimbaji pia, na koo lake ni jambo la pili lisilobadilika baada ya mbao. Ala haina sauti maalumu ambayo dunia imekubaliana. Inashushwa au kupandishwa imfuate mwenye kuimba, na mtu mwenye sauti nzito akiichukua obokano ya mwenye sauti nyembamba, atalazimika kubadilisha nyuzi, wala hazitamfaa kwa kulegeza tu. Uzi uliolegezwa kupita kiasi chake unapoteza umbo la sauti. Unaanza juu unapopigwa na kushuka kadiri unavyotulia, na sikio halijui lishike wapi. Kwa hiyo nyuzi zinachaguliwa zikutane na pande mbili kwa pamoja: huku mbao ambazo hazitarefuka, huku koo ambalo halitapanda. Kila uzi una dirisha dogo ambamo pande hizo mbili zinaonana. Kulitafuta dirisha hilo mara nane, na kuhakikisha madirisha yote manane yanafunguka pamoja, hiyo ndiyo kazi.

Kuna tena ule mvumo. Obokano haitoi sauti safi kama ya piano, na anayetaka isafike hajaielewa. Kila mlio unafuatwa na mngurumo wenye mikwaruzo, kama kwamba kuna mtu wa pili anayeitikia chini kwa chini. Mvumo wa aina hiyo hutokea uzi unaotetemeka unapogusa kidogo sana kitu kilicho karibu nao. Neno "kidogo" ndilo lenye uzito. Uzi uliokaza mno unatetemeka kwa upana mdogo, haufiki, na mvumo unakufa. Obokano inabaki kama gitaa la maskini. Uliolegea mno unatetemeka kwa upana mkubwa, unagonga badala ya kugusa, na badala ya mvumo unapata kelele ya bati. Waethiopia wana njia yao kwenye begena, kinubi chao cha ibada chenye nyuzi kumi: huweka kipande cha ngozi kati ya uzi na daraja, na kukisogeza taratibu hadi mvumo uje. Ni kama rivolva iliyowekewa skrubu. Wetu anaanza nyuma zaidi, kwenye uzi wenyewe: unene gani, kwa mkazo gani, utatetemeka kwa upana gani. Akikosea hapo, hakuna atakachosogeza baadaye kitakachomsaidia sana.

Juu ya yote hayo iko mvua. Nchi hii ya juu, inayopanda kutoka Kisii mjini kwenda Nyamira hadi kilima cha Kiabonyoru, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri baada ya asubuhi ya jua kali. Ngozi ya ng'ombe inajua tofauti hiyo kuliko mtu wa utabiri. Asubuhi imekauka na kukaza, daraja limeinuka, nyuzi zimepanda. Saa kumi jioni hewa imelowa, ngozi imelegea, daraja limezama, nyuzi zimeshuka. Mtu aliyechagua nyuzi zake adhuhuri na kuzikaza hadi ukingoni atakuta jioni zimelegea zote, na jioni ndiyo saa ya sherehe. Aliyezichagua jioni bila kuacha nafasi atakuta siku ya jua kali uzi wa juu umekatika wenyewe ukutani, bila kuguswa. Wajuzi huchagua uzi ambao katikati ya dirisha lake ndipo unapofanyia kazi, ili hali ya hewa ikiusukuma huku au huku usitoke nje. Ndiyo sababu ala mbili zilizo sawa kwa macho, moja ya Suneka kwenye joto kidogo na nyingine ya Nyansiongo kwenye baridi ya majani chai, zinaweza kutaka nyuzi tofauti. Sijasikia jambo hilo likifundishwa darasani. Wazee hulijua kwa kuhamahama na ala zao.

Nimesema hakuna sauti maalumu ambayo dunia imekubaliana, na hapa kuna watu wa simu watakaonipinga. Siku hizi kijana hupakua programu ya kupimia sauti, anaiweka simu karibu na ngozi, na kuzungusha pete hadi mshale usimame katikati. Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki, na ambaye mwaka 1950 aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis pale Kapkatet, upande wa pili wa mpaka wetu, alikuwa mwangalifu kuliko simu hiyo. Alibeba seti ya uma za chuma za kupimia sauti, kuanzia mitetemo 212 kwa sekunde hadi 424, kila mmoja ukipishana na mwenzake kwa minne tu. Alikuwa anatafuta jinsi watu wenyewe walivyozipanga sauti zao, na alijua kwamba ngazi za piano hazingemtosha kwa kipimo. Mzungu wa mwaka ule alitembea na uma hamsini na nne ili asiwalazimishe watu ngazi ya Ulaya, na leo kijana wetu anailazimisha obokano ya babu yake kwa hiari. Mshale ukisimama katikati, koo la mzee linakuwa pembeni.

Simu ina matumizi yake, nisije nikaonekana adui wa umeme. Ukishazichagua nyuzi kwa sikio na zikakaa, pima kila mmoja na uandike namba zake pamoja na unene wake. Uzi ukikatika mwaka ujao utajua ulikuwa wapi. Wale wapigaji rivolva wana daftari. Wazee wetu walikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu nyingi tumezizika nao.

Kisha inakuja sehemu ambayo hakuna anayeipenda: kungoja. Nailoni mpya ikikazwa inarefuka, leo, kesho na keshokutwa, polepole, kama isiyotaka kuonekana. Sauti inashuka, pete inazungushwa, inashuka tena. Ngozi nayo inazoea uzito mpya. Mtu anayefunga nyuzi Ijumaa ili apige Jumamosi atakuwa akizungusha pete kati ya kila wimbo, na wasikilizaji watadhani hajui kupiga. Hukumu ya uzi haitolewi siku unapofungwa. Mpigaji mwenye nidhamu huzifunga nane zote, huzikaza hadi mahali pake, hutundika ala mbali na moshi wa jikoni na mbali na dirisha, kisha hupita kila jioni kuzikumbusha. Zikishaacha kushuka, ndipo anapoketi kitini kusikiliza kama alichagua vyema. Mara nyingi mmoja au wawili hawakupita. Anawatoa bila manung'uniko na kuanza tena kwa hao. Ukiona mtu anaifanya kazi hiyo kwa uso mkunjufu, mwombe akufundishe.

Leo obokano haijafa, na wanaoililia mapema wananichosha. Grandmaster Masese, mshairi na mpigaji, ameipandisha kwenye majukwaa ya mashairi Nairobi mbele ya vijana waliodhani ni ala ya makumbusho. Shule zinaipiga kwenye Tamasha la Muziki la Kenya. Obokano zinazoniuma ni zile zinazonunuliwa zikiwa zimepigwa vanishi nene juu ya ngozi, nyuzi zote nane zimekatwa kutoka bunda moja la unene mmoja, ili zitundikwe kwenye ukuta wa hoteli. Vanishi inaizuia ngozi isitetemeke. Na nyuzi nane za unene mmoja maana yake ni kwamba za chini zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo na za juu zimekaza hadi kulia. Mtoto akijifunza kwenye chombo kama hicho ataamini kwamba ala ya babu zake ina sauti mbaya, na atakuwa amedanganywa na bunda la uzi.

Kwa walimu wa muziki wa shule za kwetu nina ombi moja. Msiwape wanafunzi obokano iliyofungwa tayari. Wapeni ala tupu, vipande vya nailoni vya unene wa aina nne au tano, mzee mmoja wa kijijini anayejua, na muhula mzima. Na wewe unayetaka kuinunua ya kwako, ukifika kwa fundi usiulize bei kwanza. Imba mbele yake ubeti mmoja kwa sauti yako ya kawaida, mwache achague nyuzi, lipa nusu, urudi baada ya wiki mbili. Kama siku hiyo uzi wa tatu bado unashuka, usiichukue. Mwambie aubadilishe, nawe urudi tena.